Miwani Iliyowaona Wateja wa Coleta

Coleta alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Izia, mjini Sumbawanga. Alishonea nyumbani kwake. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha, mahali penye mwanga. Asubuhi za mwezi wa sita baridi ya Ufipa huuma vidole. Coleta alipasha kwanza mikono moto kwenye jiko la mkaa barazani, ndipo akaingia ndani na kuanza kukanyaga cherehani.

Wateja wake walikuwa wanawake. Walileta vitenge vya harusi, vya kipaimara cha watoto wao na vya sare za kwaya. Mteja alipotaka kujaribu nguo, alikwenda kwenye kona ya sebule. Coleta alikuwa ametundika pazia hapo. Pazia lilikuwa fupi, halikufika ukutani. Hakuna aliyejali. Nyumba ilikuwa ya wanawake tu siku za kazi. Zenon, mume wa Coleta, alikuwa shambani, kijiji cha Msanzi, akivuna mahindi. Alirudi Jumamosi jioni na kuondoka tena Jumatatu.

Pamoja na Coleta aliishi binti yake, Avelina. Avelina alikuwa na miaka ishirini. Alimaliza kidato cha sita, akawa anasubiri kwenda chuo. Alimsaidia mama yake kutia vifungo na kupiga pasi.

Siku moja baba yake mdogo, Fabiani, alipita kuwasalimu. Fabiani ni dereva wa lori kati ya Sumbawanga na Tunduma. Alishuka na boksi mkononi.

"Hii zawadi yako, Avelina. Umefaulu vizuri."

Ndani ya boksi kulikuwa na miwani kubwa ya plastiki, nzito, inayofunika uso kama kinga ya mtu anayechomelea vyuma. Ilikuwa miwani ya gemu.

"Nimeinunua Tunduma kwa kijana mmoja," Fabiani alisema. "Imetumika kidogo tu. Nimempa namba yako. Atakuelekeza namna ya kuiwasha."

Kijana yule alipiga simu siku hiyo hiyo. Alikuwa mchangamfu.

"Usibadilishe chochote, dada. Nimeshakuwekea michezo yote. Wewe unganisha tu na bando lako, ucheze."

Avelina akafanya hivyo.

Michezo ilikuwa mingi, lakini mmoja ulimpendeza kuliko yote. Katika mchezo huo, aliiona sebule yao wenyewe ndani ya miwani. Kuta zilikuwa kuta zao. Kochi lilikuwa kochi lao. Kisha vinyago vidogo vya rangi vilichomoza ukutani na kumrukia. Avelina alivipiga kwa ngumi, huku akigeuka huku na huku. Wakati mwingine alijirekodi ili kuwaonyesha rafiki zake alivyoshinda. Alishangaa jambo moja tu. Bando lake liliisha upesi sana.

Wateja walimcheka. Alhamisi moja alikuja Bertilla, mama mnene mcheshi, muuzaji wa samaki wakavu sokoni. Alikuja kujaribu gauni lake la njano.

"Jamani, huyu mtoto anapigana na hewa!" Bertilla alisema.

"Mwache," Coleta alijibu. "Vaa tu, dada Bertilla. Huyo haoni kitu, kajifunika macho."

Bertilla akacheka, akavua blauzi, wala hakulivuta pazia hadi mwisho.

Jioni, kabla jua halijazama, simu ya Avelina ililia. Ulikuwa ujumbe kutoka namba asiyoijua.

"Gauni la njano limemkaa vizuri yule mama mnene."

Avelina aliusoma mara mbili. Alidhani ni rafiki yake anamtania. Lakini ni rafiki gani aliyekuwepo mchana ule? Hakuna. Mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya upepo.

Ujumbe wa pili ukaingia.

"Kesho ukicheza, geukia zaidi upande wa pazia."

Alitazama dirishani. Alitazama darini. Kisha macho yake yakaangukia miwani iliyokuwa juu ya kochi. Mbele yake kulikuwa na vioo vidogo vinne, vyeusi, vya mviringo. Alikuwa ameviona kila siku. Leo aliona kama vinamtazama.

Aliichukua miwani kwa ncha za vidole, akaipeleka stoo, akaizika ndani ya gunia la ulezi. Alifunga gunia kwa kamba. Hakumwambia mama yake. Atamwambiaje? Yeye ndiye aliyeileta miwani ile sebuleni.

Ijumaa hakucheza. Hakula vizuri pia. Mteja alipokwenda nyuma ya pazia, Avelina alitoka nje kabisa, akasimama barazani kwenye baridi.

"Una nini wewe?" Coleta aliuliza. "Unaumwa?"

"Hapana, mama. Uchovu tu."

Jumamosi asubuhi Avelina alikuwa jikoni akisonga ugali. Simu yake ilikuwa mezani, kando ya cherehani. Ikalia. Coleta akaitupia jicho, na hapo hapo akaacha kukanyaga.

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na picha. Ilikuwa sebule yake. Pazia lilikuwa lake. Kando ya pazia alionekana mwanamke kwa mgongo, mabega wazi, akiinua gauni la njano. Chini ya picha paliandikwa: "Mbona umeacha kucheza? Ukiendelea kunyamaza, picha hii itafika hadi sokoni."

Nani alipiga picha hii? Alitazama dirishani. Nyumba ya jirani ilikuwa inapauliwa. Juu ya kenchi, zile mbao za paa, alikaa fundi Yohanes, na nyundo mkononi. Kutoka pale juu mtu angeweza kuona hadi ndani.

Coleta akatoka mbio, na futi ya kupimia bado shingoni.

"Wewe Yohanes! Shuka! Shuka hapo, mwanaharamu!"

Yohanes alishtuka, nusura ateleze.

"Kuna nini, mama Avelina?"

"Unapiga picha wake za watu! Unachungulia nyumbani kwangu na simu yako! Watu wote njooni mwone!"

Watu wakaanza kukusanyika. Vijana wawili waliokuwa wakichanganya zege waliacha makoleo. Mmoja akasema, "Kama ni kweli, tumshushe sisi." Mwingine akaokota kipande cha tofali.

Yohanes alishuka ngazi polepole.

"Sina hata simu ya kamera," alisema. Alitoa mfukoni simu ndogo ya tochi, akaiinua watu waione. "Mama, mimi nina watoto. Usiniue bure."

Avelina alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alimwona Yohanes na simu yake ya tochi. Aliliona tofali. Alijua kwamba akinyamaza dakika moja zaidi, mtu ataumizwa.

"Si yeye!" alipiga kelele. "Mama, si yeye! Mwacheni! Ni miwani yangu!"

Watu wote walimgeukia. Avelina akalia. Akaeleza yote, kuanzia ujumbe wa kwanza. Kijana mwenye tofali aliliweka chini. Coleta alisimama, futi ikining'inia shingoni, asijue pa kuuelekeza uso wake.

"Nisamehe, Yohanes," alisema mwishowe. "Woga umenitia wazimu."

Yohanes aliirudisha simu mfukoni. Alikaa chini kwenye rundo la mchanga.

Katika watu waliokusanyika alikuwamo Mwalimu Christopha. Alifundisha somo la kompyuta katika sekondari moja ya mjini, na alikaa nyumba ya tatu kutoka pale. Alimshika Avelina bega.

"Shikamoo, mwalimu," Avelina alisema huku akijifuta machozi.

"Marahaba. Twende ndani. Nionyeshe hiyo miwani."

Walipoingia, Coleta alisema, "Naichoma moto sasa hivi. Na hiyo simu pia."

"Subiri kwanza, mama Avelina," Christopha alisema. "Ukiichoma, unachoma ushahidi. Na picha zilizokwisha ondoka hazitarudi kwa moto."

Coleta alikaa. "Zimeondoka kwenda wapi?"

"Hicho ndicho tutakachotafuta."

Avelina aliichimbua miwani kutoka kwenye ulezi. Christopha aliipangusa. Alikata vipande vya plasta ya kidonda, akaziba vile vioo vinne, kimoja baada ya kingine.

"Hizi ni kamera," alisema. "Nne. Na kitundu hiki kidogo ni maikrofoni, inasikia sauti."

"Lakini miwani ni ya kuona gemu," Coleta alisema. "Kamera za nini?"

"Mtu aliyevaa miwani hii amezibwa macho. Bila kamera angegonga ukuta au kumpiga mtu ngumi. Kwa hiyo miwani inamtazamia. Inajua ukuta uko wapi, kochi liko wapi, mikono yake iko wapi. Kamera peke yake si ubaya. Mnatakiwa kujua picha zinakwenda wapi na nani anaweza kuzitazama."

Coleta alijifunika mdomo. "Nami niliwaambia wateja kwamba haoni kitu."

Christopha aliwasha miwani bila kuiunganisha na mtandao. Aliivaa, akatafuta kwa muda. Coleta na Avelina walimtazama. Kila mmoja aliogopa atakachosema.

"Avelina, Kipanga wa T ni nani?"

"Simjui, mwalimu."

"Ndilo jina la akaunti iliyo humu."

"Lilikuwemo tangu mwanzo. Yule kijana wa Tunduma alisema nisibadilishe chochote."

Christopha alivua miwani. "Basi ndiyo hiyo. Uliletewa miwani, lakini mwenye akaunti alibaki kuwa yeye. Ni kama kununua nyumba na kumwachia aliyekuuzia ufunguo. Kila ulipojirekodi, video ilikwenda yenyewe kwenye akaunti yake kupitia mtandao. Yeye anafungua simu yake kule Tunduma, anaikuta. Sauti zenu pia. Ndiyo sababu bando lako liliisha."

"Ziko ngapi?" Coleta aliuliza kwa sauti ndogo.

"Video kumi na moja. Nyingi zina ukuta na kochi tu. Mbili zina mteja."

"Mteja gani?"

"Ni yuleyule, Bertilla."

Coleta alilia. Alikuwa amejikaza mpaka hapo.

"Zifute, mwalimu!" Avelina alisema.

"Za humu naweza kuzifuta, lakini si sasa. Polisi wazione kwanza. Zilizofika kwake siwezi kuzifuta mimi." Christopha aligeukia simu. "Sasa sikiliza vizuri. Usimjibu. Usimtumie kitu chochote anachotaka. Mtu wa namna hii ukimpa kimoja, anataka cha pili. Wala usifute ujumbe wake. Andika namba yake, siku na saa. Uliponyamaza siku mbili, ulijiumiza peke yako, na yeye alipata nguvu."

"Niliogopa, mwalimu."

"Najua. Yeye alitaka uogope."

Zenon alifika jioni ile, na vumbi la mahindi nguoni. Aliposimuliwa, alikaa kwenye kochi. Kisha akauliza, "Bertilla mwenyewe anajua?"

Coleta alitikisa kichwa. "Naogopa kumwambia. Sokoni wakisikia, hakuna mwanamke atakayekanyaga hapa tena. Labda polisi wamalize kimyakimya."

"Na yule mtu akizisambaza kesho?" Zenon aliuliza. "Asikie kwa watu?"

"Basi kesho tutakwenda kwake," Coleta alisema.

Jumapili baada ya misa, Coleta na Avelina walikwenda kwa Bertilla. Walimkuta uani akianua nguo. Aliwakaribisha kwa furaha, akawaletea viti. Coleta hakukaa.

"Dada Bertilla, nimekuja na habari mbaya. Umepigwa picha nyumbani kwangu."

Alieleza yote bila kujitetea. Bertilla alisikiliza. Nguo aliyoishika iliteleza mkononi, ikaanguka chini.

"Nimevaa nini katika picha hiyo?"

"Umegeuka mgongo. Mabega yako wazi."

"Na hiyo nyingine?"

"Hiyo unaonekana uso. Una sidiria."

Bertilla alikaa kwenye ngazi. Kuku walipita miguuni mwake, hakuwafukuza.

"Mume wangu ataniuliza nilikuwa wapi nikavua nguo," alisema. "Wanunuzi wangu watanicheka. Coleta, nilikuja kwako kwa sababu ni kwako."

"Najua."

"Ulisema haoni kitu."

"Nilisema. Sikujua."

Avelina alipiga magoti. "Nisamehe, mama. Nilijua tangu Alhamisi, nikanyamaza."

Bertilla alimtazama kwa hasira. Kisha akaiokota ile nguo, akaikung'uta.

"Inuka. Polisi mnakwenda lini?"

"Kesho asubuhi."

"Tutakwenda wote. Picha ni yangu. Nitasema mwenyewe."

Jumatatu walikwenda wanne, pamoja na Mwalimu Christopha. Bertilla alitembea mbele, ameushika mkoba wake kwa mikono miwili. Mlangoni mwa kituo alisimama ghafla.

"Askari nao wataitazama?" aliuliza.

Christopha alimwombea askari wa kike. Askari huyo aliwapeleka kwenye chumba cha pembeni, akafunga mlango. Aliandika maelezo ya Bertilla, kisha ya Avelina. Alichukua miwani na simu.

"Kumtishia mtu kwa picha zake za faragha ni kosa la jinai," alisema. "Mmefanya vizuri kuja na vitu hivi vikiwa salama."

Fabiani aliposikia, aliona aibu. Alirudi Tunduma, akawaonyesha polisi wa kule mahali aliponunua. Siku nne zilipita. Zilikuwa siku ndefu. Bertilla alikuwa sokoni, na kila mtu aliyeinamia simu yake alimtia hofu. Watu wawili wakicheka pamoja, alidhani wanamcheka yeye. Mara mbili alifunga genge kabla ya saa sita mchana akarudi nyumbani. Alimweleza mume wake mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu. Mume alikasirika, lakini hakumkasirikia yeye.

Siku ya tano askari wa kike alipiga simu. Kijana amekamatwa. Video zote kumi na moja zilikuwa katika simu yake. Zilikuwamo pia video za nyumba nyingine mbili, za watu wengine waliouziwa miwani naye. Polisi hawakuona dalili kwamba alikuwa amezituma kwa mtu. Kesi ilifunguliwa.

"Kwa hiyo hakuna aliyeziona?" Bertilla aliuliza.

"Hatujaona dalili hiyo," askari alijibu. "Hayo ndiyo ninayoweza kukuambia kwa ukweli."

Bertilla alishukuru. Lakini woga haukumtoka siku ile, wala wiki ile.

Baadaye, walipokwisha kuichunguza na kunakili video, polisi waliirudisha miwani. Avelina hakutaka kuigusa. Mwalimu Christopha ndiye aliyemketisha.

"Usikiogope kitu usichokijua. Kijue kwanza, halafu amua."

Walifuta kila kitu kilichokuwamo, miwani ikawa kama ilivyotoka kiwandani. Avelina alifungua akaunti yake mwenyewe, kwa neno la siri ambalo mtu mwingine halijui. Walizima ile njia ya video kujituma zenyewe mtandaoni. Kila mchezo ulipoomba kutumia kamera au maikrofoni, Christopha aliuliza, "Unaihitaji kwa kazi gani?" Mchezo wa karata uliomba kamera. Avelina aliukatalia, na karata zilichezeka vilevile.

"Na ucheze chumbani kwako, mlango umefungwa, peke yako," Christopha alisema. "Akiingia mtu, mwambie ina kamera. Ana haki ya kujua. Ukimaliza, izime kabisa, iweke kwenye boksi."

"Na simu je?" Coleta aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Simu ni vilevile, mama Avelina. Hata saa za siku hizi, hata televisheni nyingine. Tazama kila kitu chenye kioo kidogo cheusi, ujiulize kinatazama nini."

Zenon alihamisha magunia kutoka stoo. Alipaka kuta chokaa, akaweka kioo kirefu na taa. Alitia mlango wa mbao wenye komeo kwa ndani. Hicho kikawa chumba cha kujaribia nguo. Pazia la sebuleni liliondolewa. Coleta aliweka kikapu barazani, na wateja waliacha simu humo kabla ya kuingia. Aliwaambia sababu. Hakuficha. Wapo wateja watatu ambao hawakurudi tena. Lakini wengine walikuja, na baadhi yao walikuja kwa sababu ya ule mlango.

Mwezi wa nane, siku ya upepo mkali, mtu alibisha hodi. Alikuwa Bertilla. Alikuwa na kitenge cha bluu ndani ya mfuko. Hakuwa amekanyaga pale tangu ile Alhamisi.

"Nina harusi kule Matai," alisema. "Sina fundi mwingine anayejua mwili wangu."

Coleta alimpima bila maneno mengi. Wiki moja baadaye gauni lilikuwa tayari. Bertilla aliweka simu yake kikapuni. Aliingia sebuleni, akatazama kuta, akatazama juu ya kabati.

"Miwani iko wapi?"

"Chumbani kwangu, mama," Avelina alisema. "Imezimwa, iko kwenye boksi. Unataka kuiona?"

"Ndiyo."

Avelina alimwonyesha. Bertilla aliitazama kwa muda, kisha akafunga boksi mwenyewe. Alichukua gauni, akaingia kwenye chumba cha kujaribia. Mlango ukafungwa. Walisikia komeo likiingia.

Coleta na Avelina walibaki sebuleni. Cherehani ilikuwa kimya. Muda ulipita. Coleta alitaka kuuliza kama linamtosha, akajizuia.

Kisha komeo likafunguka. Bertilla akatoka, amevaa gauni la bluu. Aliwatazama wote wawili, akageuka taratibu ili waone na mgongo.

"Hapa kwapani pananibana," alisema. "Panua kidogo."

Coleta akachukua pini, akapiga magoti, akaanza kazi.